Uzi maalum: mgongo unaokaza ukilala na kulegea ukitembea (AS). Tulio nao tunaishije?

fundi wa ngamiani

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuahirisha sana kwa sababu saa ambayo mwili wangu unakubali kukaa na kuandika ni jioni, na jioni ndo wateja wanafuata nguo zao. Leo mvua imewafungia makwao, acha nitiririke.

Nina ugonjwa unaoitwa ankilosingi spondilaitisi, wenyewe tunasema AS tu. Ni baridi yabisi ya uti wa mgongo, ile ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, sio ya uzee, sio ya kubeba mizigo wala ya kulala vibaya. Inapenda kuanzia pale kiuno kinapokutana na nyonga, vile vishimo viwili juu ya makalio, leo kushoto kesho kulia, alafu taratibu inapanda. Sehemu ambazo kano zinajishika kwenye mfupa zinavimba kwa ndani, uvimbe ukikaa miaka mwili unaanza kujenga mfupa mahali ambapo haukuhitajika, ndo pingili zinakuja kuungana. Sio kila mtu anafika huko, wengi hawafiki, nasema mapema maana ukigugo tu picha ya kwanza unayoletewa ni ya mzee kapinda anaangalia vidole vyake vya miguu na usiku huo hulali.

Wengi inawaanza ujanani, chini ya miaka 45. Mimi nilikuwa bado najifunza cherehani kwa mjomba hapa Tanga, na wala haikuanzia mgongoni. Ilianzia kisigino cha kulia, pale nyuma ambapo mshipa mnene unashikana na mfupa, mguu ambao ndo nakanyagia cherehani. Mjomba akasema ni viatu. Nikabadili viatu, maumivu yakahamia mguu wa pili ambao haukanyagi kitu.

Sasa kuna dalili moja ningependa kila kijana aijue maana hiyo ndo inautenga mgongo huu na migongo mingine yote ya mtaani. Mgongo wa kazi ukipumzika unapoa. Huu ukipumzika ndo unawaka. Saa tisa saa kumi usiku unaamshwa na maumivu, kugeuka tu mpaka ushike ukingo wa kitanda ujivute, asubuhi unaamka umekaza kuanzia shingo mpaka nyonga, inachukua nusu saa na zaidi, siku mbaya mpaka saa nne, ukishatembeatembea na kuoga maji ya moto unarudi kuwa mtu. Mchana ukinikuta dukani nakata kitambaa na nacheka na wateja huwezi kuamini kama ni mimi niliyevalishwa soksi na mke wangu asubuhi. Na ugomvi na watu unaanzia hapo, kwa sababu anayekuona saa kumi alfajiri ni mkeo peke yake, dunia yote iliyobaki inakuona saa sita. Jirani yangu wa fremu aliwahi kuniambia ugonjwa wako unajua saa za kufungua duka.

Safari ya vipimo sitaieleza yote, mnazijua. Figo, UTI sugu, ngiri, gesi, diski, chumvi imejaa mwilini, nimeumikwa chuku, nimechanjwa chale, bibi mmoja akasema nimekanyaga kitu cha mtu (ile habari ya kisigino ilimpa hoja kweli kweli). Eksirei ya kiuno ikasoma safi nikaambiwa huna kitu kunywa maji mengi. Ukweli ni kwamba eksirei inaonyesha uharibifu ambao unaweza kuchukua miaka mpaka utokee, kipimo cha picha cha MRI cha yale maungio ya kiuno na nyonga ndo kinaweza kuonyesha uvimbe ukiwa bado wa moto. Na vipimo vya damu vya uvimbe, ESR na CRP, wapo wagonjwa kibao vinatoka vizuri huku wanaumia. Kwaiyo karatasi safi isikufanye ujione muongo.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja wa fizio (wale wa tiba ya mazoezi), hospitali ya mkoa mwingine kabisa, nilikuwa nimempeleka mama mimi ni msindikizaji tu. Akaniona ninavyoinuka kwenye benchi. Akasema kaka akitoka mama unaingia wewe. Akatoa futi kamba! Jamani mimi futi kamba ndo ugali wangu, ila sikuwahi kufikiria ingenipima mgongo. Akanichora alama mbili kwa kalamu, moja usawa wa vile vishimo na nyingine sentimita 10 juu yake, akasema inama kama unagusa vidole vya miguu, usikunje magoti. Kwa kijana mzima zile 10 zinatanuka zinafika 15 na kuendelea. Zangu zikaishia 12. Alafu akanizungushia kifuani, toa pumzi yote, haya vuta mpaka mwisho, kifua kikaongezeka sentimita 2 basi. Sasa mimi nikipima mtu koti lazima nimwambie avute pumzi nijue litabana wapi, najua kifua cha mtu wa umri wangu kinaongezeka kiasi gani, hakukuwa na haja ya mtu kunitafsiria. Akaandika barua ndo nikafika kwa bingwa wa maungio, ambao nao kwa nchi zetu hizi ni wa kutafuta kwa tochi.

Haya tuje kwenye kuishi nao.

Alfajiri sikurupuki. Nikiwa kitandani navuta goti moja kifuani, navuta la pili, alafu naangusha magoti yote upande huu na upande ule mpaka kiuno kiachie. Maji ya moto yanapigwa kwa jagi kwenye shingo na kiuno, nyumbani kwangu jiko la gesi linawashwa kwa ajili ya mgongo kwanza, chai baadae. Kisha nasimama na ukuta, visigino, makalio, mabega na kisogo vyote viguse. Kisogo ndo kinaniambia siku itakuwaje, mgongo ukichachamaa kinakataa kabisa kufika ukutani.

Swala ya alfajiri naswali kwenye kiti, adhuhuri naenda chini kama kawaida. Mzee mmoja msikitini akanifuata anauliza mbona asubuhi mgonjwa mchana mzima, imamu akamjibu kabla sijafungua mdomo, kwamba mtu anaswali kwa uwezo alionao saa hiyo. Toka siku hiyo sijaulizwa tena. Salamu ya kulia na kushoto nageuka na mabega yote maana shingo peke yake haifiki.

Kazini ndo nimefanya mabadiliko makubwa. Cherehani nimeifunga mota, kukanyaga ilikuwa inaniua visigino. Meza ya kukatia nimeinyanyulia matofali mpaka usawa wa kiwiko, nakata nimesimama mgongo umenyooka. Na sishoni mfululizo, nikimaliza upande mmoja wa gauni nasimama, natoka nje naangalia barabara, narudi. Wateja wanadhani napenda umbea.

Usafiri ni vita. Hiace ya kusimama umeinama sipandi hata kama nachelewa, nasubiri siti, konda aseme atakavyo. Bajaji nakaa katikati najishikilia, bodaboda namwambia mapema bwana mdogo matuta taratibu au nishushe. Usiku godoro langu ni gumu kiasi, mto mwembamba, nalala chali, na kabla ya usingizi nalala kifudifudi robo saa hivi ili nyonga na kiuno vinyooke. Nikipata nafasi jumapili naogelea Raskazone, baharini mwili unakuwa mwepesi napata mazoezi ambayo nchi kavu siyawezi.

Na KINYOZI. Hili naandika kwa herufi kubwa. Ukimaliza kunyolewa kuna wale wanakukanda alafu wanakamata kichwa wanakizungusha ghafla kaaa! Mwenye AS asikubali kabisa. Uti uliokaza unavunjika kirahisi kuliko wa mtu mwingine, na ukivunjika shingoni habari inakuwa nyingine. Mimi nikikaa tu kwenye kiti nasema ndevu na kichwa, shingo usiiguse.

Dawa: za kupunguza uvimbe ndo msingi, diklofenaki, naproksini, indometasini, selekoksibu na ndugu zao. Daktari anakupa moja kwa dozi kamili, anaipa wiki kadhaa, ikigoma anabadili nyingine. Msimeze mbili kwa pamoja, ile diklo ya duka la dawa juu ya ibuprofeni ya nyumbani ndo inatoboa tumbo na kumaliza figo. Presha na figo zipimwe mara kwa mara. Na sigara acheni, wavutaji uti wao unaharibika haraka zaidi.

Nimeandika sana. Wenye AS wenzangu karibuni, wewe asubuhi yako ikoje na unafanya nini?

Kitomari_og

Pole sana mkuu. Ila mbona mafundi cherehani wote wana migongo? Mi naona ni kukaa sana tu. Nenda kijijini ulale wiki mbili kwenye jamvi, usifanye kazi yoyote, utakuja kunishukuru

fundi wa ngamiani

Ahsante mkuu, ushauri huo nilishapewa na nikaufuata, nilirudi Tanga begi limebebwa na mdogo wangu. Mafundi wenzangu migongo inawauma wakifunga duka, mimi unaniuma nikifungua.

mama wawili moro

Naomba niwasemee wanawake maana kuna watu mpaka leo wanadhani huu ni ugonjwa wa wanaume. Mimi maumivu yalikuwepo toka chuo, ila baada ya kujifungua kwa operesheni kila mtu, mama mkwe, majirani, hadi wahudumu wa afya, wakawa na jibu moja, ni ile sindano ya ganzi ya mgongo. Sindano nilichomwa katikati, mimi nauma makalioni, tena yanapokezana! Na kabla ya mtoto nilikuwa nauma hivo hivo. Hakuna aliyesikiliza. Eksirei yangu hadi sasaivi ni safi, MRI ndo ilionyesha maungio yote mawili yana uvimbe. Sisi wanawake wengi eksirei zinachelewa kuonyesha kitu ndo maana tunaambiwa tuna mawazo, kapumzishe akili dada.

Nyumbani nimejipanga hivi: mtoto simwinui kutoka chini, anajua kupanda kwenye kochi kwanza ndo namchukua. Kumbeba mgongoni kwa kanga nimemwachia dada wa kazi. Kudeki kwa kuinama na tambara nimeacha, nimenunua dekio la mpini mrefu, mama mkwe akasema nyumba ya dekio haitakati, nikamwachia tambara lake pale kwenye ndoo alitumie mwenyewe. Kufua beseni liko juu ya meza. Sokoni nabeba mifuko miwili myepesi kila mkono mmoja, sio mmoja mzito.

Na wadada mnaotaka mtoto ongeeni na daktari KABLA ya mimba. Hizi dawa za uvimbe miezi ya mwisho ya mimba haziruhusiwi, na baadhi ya dawa nyingine za baridi yabisi kama metotreksati hazitakiwi kabisa. Mimba yenyewe inashika vizuri tu, ugonjwa haukuzuii kuzaa.

tabibu mizizi saba

Ndugu zangu mnateseka bure. Dawa ya mgongo ipo ni mizizi na asali, wiki 3 tu unasahau. Njoo inbox

Kitomari_og

@tabibu mizizi saba we si ndo ulikuwa unauza ya nguvu za kiume uzi wa jana? mizizi ile ile?

nesi wa zamu ya usiku

Ndugu msomaji ukipewa unga wa "mizizi" alafu maumivu yakaisha siku ya pili kama uchawi, shtuka. Dawa za maungio za namna hiyo zimekutwa nchi mbalimbali zimechanganywa kimyakimya na deksamethasoni au diklofenaki. Unavimba uso, sukari inapanda, mifupa inalika, na ukiacha ghafla unaanguka. Wodini tunawapokea.

Nirudi kwenye mada. Fundi ameeleza vizuri ila niongeze upande mwingine, sio kila mgongo wa usiku ni AS. Kwetu huku TB ya uti wa mgongo ipo, na brusela ipo kwa wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi, hiyo inaweza kukaa kwenye maungio ya nyonga kabisa ikafanana na AS. Ukiwa na homa, unatoka jasho usiku, unapungua uzito, au kuna sehemu moja ya uti ukiigonga inauma sana, sema hivyo kwa daktari. Na miguu ikianza kulegea, ganzi kati ya mapaja, au mkojo na haja kubwa vinagoma au vinatoka vyenyewe, hapo hakuna kusubiri kesho, ni hospitali usiku huo huo.

Otis wa Naks

Sasa wasee. Mimi ni wa Nakuru, nimesoma hii kitu nikaona ni kama mtu ameandika maisha yangu. Yangu iliharibika kwa kipimo cha jeni, HLA-B27. Nililipa pesa mob, ikarudi negativu, nikaambiwa basi si AS, endelea na peinkila. Miaka ikapotea hivo. Baadae daktari wa maungio Nairobi ndio alinieleza polepole. Hiyo jeni iligunduliwa kuhusiana na huu ugonjwa mwaka wa 1973 kwa wagonjwa wa Uingereza na Marekani, na kwa wazungu ni kweli, wagonjwa kama 9 kwa 10 wanayo. Lakini sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara jeni yenyewe ni adimu sana, mtu anaweza kuwa na AS kamili bila hiyo. Na kuna wazungu wengi wako nayo na hawataugua maishani. Kwa hivyo msee akikuambia negativu imemaliza kesi, kesi haijaisha.

Kitu ingine ni macho, fundi hukuguzia. Januari 2024 nilikuwa Mombasa kikazi, mnakumbuka ule ugonjwa wa macho mekundu uliwashika watu Pwani na hata Dar. Jicho langu likawa jekundu, kila mtu akasema ni hiyo, duka la dawa wakanipea matone. Lakini yangu ilikuwa jicho moja tu, halitoi uchafu, linauma ndani kabisa, mwanga wa simu ni kama kisu na naona ukungu. Daktari wa macho kuniangalia na ile mashine yake akaniuliza swali sikutarajia, mgongo wako asubuhi huwa aje? Inaitwa yuveitisi, uvimbe wa ndani ya jicho, kama robo ya watu wa AS au zaidi huipata wakati fulani. Alinipa matone ya steroidi na mengine ya kufungua mboni. Hii si ya kungoja, ukichelewa inaweza kuharibu kuona. Na hayo matone ya steroidi usijinunulie, maambukizi mengine ya jicho yanaharibika zaidi ukiyaweka.

fundi wa ngamiani

Otis ubarikiwe, hiyo ya jeni kuna mtu ameniandikia pembeni jana tu amekata tamaa na karatasi yake. Jicho mimi bado halijanipata naomba lisinipate.

binti wa leicester

Assalaam aleikum nyote. Kwetu asili ni Unguja ila naishi Leicester. Nawaelezea habari ya sindano za kibaolojia, zile dawa za kisasa zinazotuliza kinga inayoshambulia mwili, maana najua mtauliza.

Hapa NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, hawakupi tu. Unajaza maswali 6 ya BASDAI, fomu ya kupima ugonjwa umewaka kiasi gani, uchovu, mgongo, maungio mengine, sehemu zinazouma zikibonyezwa, kukaza kwa asubuhi kulivyo na kunavyodumu, kila moja 0 mpaka 10. Wastani wako ukitoka 4 kwenda juu, na dawa za uvimbe zaidi ya moja zimekushinda, ndio wanakufikiria. Mie napiga adalimumabu, miligramu 40 kila baada ya wiki mbili, najidunga mwenyewe pajani. Kabla yake nikapimwa homa ya ini B na TB, ikaonekana nina TB iliyolala, wala sikuwa na habari nayo, nikaanzishwa aisoniazidi kwanza. Hilo msilipuuze huko nyumbani, hizi dawa zinashusha kinga ile ile inayoilaza TB, ikiamka ni balaa. Kuna aina nyingine pia kama sekukinumabu zinazopita njia tofauti, mtu ikimkataa moja anahamishiwa nyingine.

Imenisaidia? Wallahi imenisaidia, nilikuwa naamka mara nyingi usiku, sasa nalala hadi asubuhi. Lakini kilichokwishaungana hakikuachana, na mazoezi sikuachiwa. Bei ya Ulaya ilishuka tangu 2018 makampuni mengine yaliporuhusiwa kutoa za kwao zinazofanana na ile ya mwanzo, ila najua huko bado ni pesa ya kuuza kiwanja.

Nikija Unguja sindano zinakuja kwenye kibegi cha barafu na barua ya daktari, zinatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, zisigande. Mara ya mwisho umeme ukakatika usiku kucha, mama akaziweka kwenye friji la duka la jirani lenye jenereta, katikati ya soda. Asubuhi muuza duka ananiuliza dada hii mali yako nauza bei gani.

Kitomari_og

@fundi wa ngamiani mkuu naomba nifute maneno ya jamvi 😅 mdogo wangu wa kiume ana hizi hizi, miaka yote tunamuita mvivu. Anaamka saa nne, akicheza mpira jioni anakimbia kuliko wote

mke wa dereva

Samahanini mimi sio mgonjwa, ni mume wangu. Anaendesha lori Dar Tunduma. Amegundulika mwaka jana, hajamwambia bosi, anasema atapewa gari mtu mwingine. Akirudi nyumbani analala sakafuni, hataki kuongea, nikimgusa mgongo anakuwa mkali. Zamani hakuwa hivi. Nifanyeje jamani

fundi wa ngamiani

Shemeji pole. Kwanza ule ukali wa asubuhi usiuchukue moyoni, mtu aliyeamka saa tisa na hajalala tena anakuwa hana maneno. Mke wangu ana utaratibu wake, kabla ya maji ya moto haniulizi chochote cha pesa wala cha watoto. Uchovu wa huu ugonjwa ni kitu kinachojitegemea, hata siku mgongo haujauma unaweza kujihisi umetwanga kinu kutwa. Ila akikaa wiki na wiki hafurahii kitu, hali chakula, anasema maneno ya kukata tamaa, hilo mwambieni daktari nalo, linatibika.

Sakafuni asilale, godoro gumu kiasi linatosha, kuinuka kutoka chini asubuhi ndo mateso yenyewe. Kumgusa, muulize wapi na saa ngapi, jioni akishaoga anaweza kutaka mwenyewe umkande. Taratibu, kwa kiganja, bila kukanyagwa mgongo na watoto, najua nyumba nyingi tunafanya hivyo.

Kwenye lori: asimame njiani ashuke atembee, asisubiri Mikumi ndo anyooshe miguu. Vioo vya pembeni avipange vizuri maana shingo haigeuki, na kile kiegemeo cha kichwa kikae karibu na kisogo. Habari ya bosi siwezi kumwamulia, mimi nimejiajiri. Kama shingo imekaza kiasi cha kutoona pembeni hapo ni maisha yake na ya watu barabarani, daktari aseme kama anafaa kuendesha.

nesi wa zamu ya usiku

Naongezea kwa shemeji na kwa wote. Mgonjwa wa AS akipata ajali au akianguka tu bafuni, alafu akawa na maumivu MAPYA ya shingo au mgongo, achukuliwe kuwa amevunjika mpaka ithibitishwe vinginevyo. Eksirei ya kawaida inaweza kukosa kuona, omba CT skani. Na wanaomsaidia wasimnyooshe shingo kwa nguvu, kama alikuwa amepinda kabla ya ajali ashikiliwe hivyo hivyo alivyozoea. Andika kwenye karatasi uweke pamoja na leseni: nina ankilosingi spondilaitisi, shingo yangu isinyooshwe.

mke wa dereva

Nimewaelewa. Hiyo karatasi naandika leo, nyingine naiweka kwenye dashibodi

dogo wa mbezi

Wakubwa shikamoo. Nina miaka 22, mgongo chini huku unanisumbua toka form six, usiku zaidi, asubuhi natembea kama babu. Nishaenda mara nyingi napewa diklo na kuambiwa punguza gym. Gym ndo inanisaidia! Nikienda tena hospitali niseme nini ili wanielewe?

fundi wa ngamiani

Marahaba dogo. Usiende na neno "mgongo unauma" peke yake, kwenye foleni ya watu mia utaandikiwa diklo tena. Andika kwenye karatasi: ulianza ukiwa na umri gani na kwamba haukuanza ghafla, umezidi miezi mitatu, unakuamsha saa ngapi usiku, asubuhi unakaza dakika ngapi (hesabu kwa simu wiki nzima), ukitembea unafanyaje na ukilala unafanyaje. Weka na vitu unavyoona havihusiani, kisigino, jicho jekundu la upande mmoja, magamba kwenye ngozi au kichwani, kuharisha kwa muda mrefu au damu kwenye choo, na kama kuna ndugu wa damu mwenye mgongo wa hivi. Alafu muulize moja kwa moja, daktari hii haiwezi kuwa baridi yabisi ya uti wa mgongo, naweza kupata rufaa kwa bingwa wa maungio?

Gym usiache, ila vyuma vya kubeba mabegani na mieleka pumzisha mpaka ujulikane una nini.

dogo wa mbezi

Shukrani mkuu. Ile diklo niseme pia? Maana kusema ukweli nikiimeza kesho yake nakuwa fiti kabisa

fundi wa ngamiani

Sema, tena iandike juu kabisa. Mgongo unaolegea vizuri ndani ya siku moja mbili kwa dawa za uvimbe, ukiacha dawa unarudi, hiyo nayo inampa daktari mwanga. Na usiimeze tumbo tupu.